Mzazi Bado Yuko Wodini

Habari za kujifungua husambaa upesi kuliko habari nyingine yoyote ya ukoo. Simu ya kwanza hutaja kama ni wa kike au wa kiume, ya pili hutaja kilo, na kabla jua halijatua majina yameshaanza kupendekezwa. Hali ya mama husemwa kwa kifupi tu: mzazi hajambo, ila madaktari wamesema abaki kidogo. Ndani ya maneno hayo huweza kujificha makubwa. Huenda ametoka damu nyingi na anaongezewa. Huenda presha imepanda na haitaki kushuka, mshono wa upasuaji umeanza kutoa usaha, au amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi na hajamwona mtoto wake. Kuanzia saa hiyo familia ina kazi mbili kwa wakati mmoja, kupokea mtoto na kuuguza mama, na mara nyingi ile ya kwanza huimeza ya pili. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba ndugu wanaomuuguza mzazi aliye mahututi ni sehemu ya matibabu yake. Kwa hiyo wanapaswa kufundishwa, kupangiana zamu na kupewa taarifa kama watu wenye kazi, badala ya kuhesabiwa wageni wanaosubiri geti lifunguliwe.

Wengi wetu tumekua tukiamini kuwa hatari ya uzazi huisha mtoto anapolia. Takwimu hazikubali. Sehemu kubwa ya vifo vya uzazi hutokea baada ya mtoto kuzaliwa, hasa katika saa 24 za mwanzo na siku chache zinazofuata. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki kutokana na ujauzito na uzazi, zaidi ya 700 kwa siku, na karibu saba katika kila kumi walikuwa Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania imepiga hatua ambayo haifai kuibeza: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Lakini utafiti uleule wa 2015-16 ulikuta kwamba ni asilimia 34 tu ya wanawake waliopimwa afya zao ndani ya siku mbili baada ya kujifungua. Waliofika kituoni kuzaa walikuwa wengi mno kuliko waliotazamwa baada ya kuzaa. Juhudi zetu zote, za serikali na za nyumbani, zilielekezwa kumfikisha mwanamke leba. Siku zinazofuata zikaachwa zijiendeshe zenyewe. Na kwa kila mama anayefariki wapo wengine wengi walionusurika chupuchupu, ambao wiki zao za kupona ndizo zinazoamua watarudi nyumbani wakiwa wazima kiasi gani.

Magonjwa yanayomlaza mzazi ni machache, na kila moja lina dalili ambazo mtu asiye daktari anaweza kuziona. La kwanza ni kutoka damu. Mwanamke anayevuja damu nyingi bila kutibiwa anaweza kufariki ndani ya takriban saa mbili, na tatizo la damu ni kwamba jicho huikadiria vibaya, hata jicho la mtaalamu. Jaribio kubwa lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, lililochapishwa mwaka 2023 na kuhusisha wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida, lilionyesha hivyo. Hospitali zilizopewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaotandazwa chini ya mama ili kukinga damu, pamoja na mafunzo ya kuanza hatua zote za matibabu kwa pamoja, zilipunguza madhara makubwa ya kuvuja damu kwa asilimia 60. Sehemu kubwa ya siri ilikuwa kupima na kutosubiri. Mama akishatoka leba mfuko ule haupo tena. Kilichobaki ni khanga na pedi, na hizo hushikwa na ndugu. Hapa desturi yetu ya sitara hutugeuka. Shangazi au mama mkwe, kwa nia njema kabisa, huziondoa haraka zile nguo na kuzisuuza ili mzazi asiaibike mbele za watu. Muuguzi akipita kwenye zamu yake anakuta shuka safi na mgonjwa aliyefunikwa vizuri. Khanga iliyolowa haifai kufuliwa kabla muuguzi hajaiona, na ikilowa ya pili upesi baada ya ya kwanza, aitwe bila kungojwa.

La pili ni kifafa cha mimba, ambacho jina lake huwadanganya watu wadhani mimba ikitoka nacho kimetoka. Degedege linaweza kumpata mwanamke siku kadhaa baada ya kujifungua, hata yule ambaye presha yake ilikuwa nzuri kliniki. Hutanguliwa na kichwa kinachouma kwa nguvu, macho yanayoona ukungu au vimulimuli, na maumivu ya juu ya tumbo, upande wa kulia au chini ya kifua, ambayo watu huyaita vidonda vya tumbo. Dawa yake kuu ni salfeti ya magnesiamu. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002, ukihusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa hupunguza uwezekano wa degedege kwa zaidi ya nusu. Dawa hiyo huendelea kutolewa kwa saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, na humfanya mgonjwa ahisi joto kali mwilini na kulegea. Ndugu ambaye hakuelezwa hilo huona mgonjwa wake alikuwa anaongea na sasa amelegea, akaamini kwamba sindano ndiyo inayomuua. Aliyeelezwa hutulia, na zaidi ya hapo huwa na manufaa: anajua kwamba kupumua kukipungua sana, au mfuko wa mkojo ukikaa muda mrefu bila kuongezeka, ni jambo la kumkimbilia muuguzi, maana dawa inaweza kuwa imezidi. Tofauti ya hao wawili ni maelezo ya dakika tano.

La tatu ni maambukizi, ambayo huja polepole na hivyo hupuuzwa zaidi: homa, tumbo linalouma likiguswa, uchafu wenye harufu mbaya, mshono uliovimba na kutoa majimaji, kisha kupumua haraka na kuweweseka. Homa ya mzazi ina sifa ya kuitwa malaria kabla ya kupimwa. Kuna na mengine ambayo hutokea mara chache lakini yanaua, kama mguu mmoja kuvimba na kuuma kwa sababu damu imeganda ndani ya mishipa, au kukosa pumzi usiku kwa sababu moyo umechoka na uzazi. Yote haya huanza na badiliko dogo ambalo mtu aliyekaa karibu ndiye wa kwanza kuliona.

Nitaambiwa hiyo ni kazi ya wauguzi, nao wanalipwa kwa kazi hiyo. Ni kweli, na sitaki ndugu achome sindano wala afungue dripu. Ila tuitazame wodi ya wazazi ilivyo usiku wa manane, muuguzi mmoja au wawili wakihudumia vitanda vyote, wakiitwa leba mara kwa mara, wakijaza mafaili, wakipokea mgonjwa wa rufaa aliyefika sasa hivi. Hata hospitali yenye watumishi wa kutosha haiwezi kumweka mtu mmoja kando ya kila kitanda saa zote. Ndugu ndiye pekee mwenye mgonjwa mmoja. Na kwa kweli wauguzi wenyewe wanamtegemea tayari: ndiye anayelisha, anayegeuza, anayepeleka sampuli maabara, anayetafuta dawa iliyokosekana dirishani. Kinachokosekana ni kumwambia waziwazi ni nini anachotakiwa kutazama na lini aite. Kazi anayo, maelekezo hana.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la maambukizi. Madaktari wengi wangependa wodi isiyo na ndugu kabisa, na ukiona umati wa saa ya kuwaona wagonjwa, watoto wamekaa vitandani na sufuria ziko sakafuni, unawaelewa. Lakini umati na muuguzaji mmoja aliyefundishwa ni vitu viwili tofauti. Historia yenyewe haituruhusu kuwanyooshea ndugu kidole upesi. Mwaka 1847 huko Vienna daktari Ignaz Semmelweis alionyesha kuwa homa iliyokuwa ikiua wazazi wodini ilipungua sana madaktari waliponawa mikono kwa dawa kabla ya kuwashika. Walioileta walikuwa wenye makoti. Tunao pia ushahidi wa karibu zaidi, nao ulipatikana kwa sehemu hapa Tanzania. Katika utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, watoto 3,211 waliozaliwa na uzito mdogo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja walibebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa. Mama, au mtu mwingine wa familia pale mama alipokuwa hawezi, aliruhusiwa kukaa ndani ya chumba cha watoto mahututi. Vifo katika kundi hilo vilipungua kwa robo, kutoka asilimia 15.7 hadi asilimia 12. Na walioshukiwa kupata maambukizi ya damu hawakuongezeka kwa sababu ya ndugu kuwemo. Walikuwa pungufu kuliko wale waliotengwa. Utafiti huo ulihusu watoto, na singependa kudai zaidi ya ulichopima. Lakini umeondoa dhana kwamba mwanafamilia akivuka mlango wa chumba cha mahututi lazima alete balaa. Ndugu mmoja aliyenawa, mwenye nguo safi, asiye na kikohozi, anayebadilishana na mwenzake mmoja tu, ni msaada. Wageni ishirini wa saa kumi jioni ni mzigo, na familia ndiyo yenye uwezo wa kuwazuia huko huko nyumbani.

Hapo ndipo mpangilio unapohitajika. Jamii zetu zinajua kupanga: harusi ina kamati, msiba una kamati, mwenye kukusanya michango anajulikana na kundi la WhatsApp hufunguliwa siku ileile. Mzazi mgonjwa hana kamati. Kila mtu huja kwa wakati wake, kila mtu humuuliza muuguzi swali lilelile, kila mtu husikia jibu lake, na jioni ukoo una taarifa tano zisizolingana. Familia ikimteua mtu mmoja wa kuzungumza na madaktari, mwenye daftari lenye namba ya faili, kundi la damu, dawa na saa zake, na alichosema daktari wa zamu, mambo mengi hutulia. Mwingine ashike fedha. Mwingine awe na mtoto. Mwingine abaki na watoto wakubwa nyumbani, maana mzazi huyu huenda ana mtoto wa miaka mitatu anayemlilia, na wasiwasi huo humsumbua kitandani kuliko kidonda.

Msemaji huyo awe na mamlaka. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba wanawake hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa wakishafika. Ucheleweshaji wa kwanza tumezoea kuuwazia kijijini, lakini huingia hata wodini. Daktari anasema damu haikati na kizazi lazima kitolewe. Mume yuko safarini, simu haipatikani. Mama mkwe anasema hawezi kubeba jukumu hilo. Wifi anauliza ndugu yake atazaa na nani tena. Mwanamke mwenyewe, akiwa na fahamu, ndiye mwenye haki ya kuamua kuhusu mwili wake, na sioni sababu ya idhini yake kusubiri baraka ya ukoo. Asipokuwa na fahamu, uamuzi wa daktari wa kuokoa uhai haupaswi kukuta kikao cha familia mlangoni. Ni jambo linalofaa kuzungumzwa na mume na mke wakati mimba ina miezi saba au minane, wakiwa wametulia, ili siku hiyo aliyepo aseme bila kutetemeka: fanyeni.

Wakati huohuo ndio wa kufikiria damu. Wengi hujifunza utaratibu wa damu wakiwa wamesimama mlangoni mwa maabara. Katika hospitali zetu nyingi ndugu huombwa kuchangia ili kurudishia ile iliyotolewa benki, na hapo hutokea mkanganyiko: kundi langu si lake, basi mimi siwezi kumsaidia. Anaweza. Damu yake huingia benki na kumfaa mwingine, naye mgonjwa wake hupewa inayolingana naye. Mchangiaji hutolewa karibu nusu lita, awe na umri wa kuanzia miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Damu hiyo lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla ya kutumika, kwa hiyo iliyotolewa saa hii aghalabu haimfikii anayevuja saa hii. Itakayomwokoa ni iliyochangiwa wiki iliyopita na mtu asiyemjua. Ukoo unaotaka kumlinda mzazi wake upeleke vijana wawili watatu kuchangia kabla ya siku zake kutimia. Kwa taratibu za Mpango wa Taifa wa Damu Salama damu haiuzwi, na anayedai bei ashtakiwe kwa uongozi wa hospitali badala ya kulipwa kwa siri.

Kuhusu mtoto nitasema machache, ingawa ndiye anayepewa muda mwingi. Mama mgonjwa si lazima akose kumnyonyesha. Akiwa na fahamu, hata asipoweza kukaa, ndugu anaweza kumshikia mtoto ubavuni, na kama wametenganishwa maziwa yakamuliwe kwa mkono kila baada ya saa tatu hivi, usiku pia, yapelekwe kwa kikombe safi. Dawa nyingi anazopewa haziharamishi kunyonya. Aulizwe daktari, asiulizwe jirani. Ila kuna wanawake ambao baada ya kupoteza damu nyingi sana maziwa hayatoki kabisa, kwa sababu tezi iliyo chini ya ubongo, inayoamuru mwili kutengeneza maziwa, imekosa damu na kuumia. Daktari wa Kiingereza Harold Sheehan alieleza hali hiyo mwaka 1937. Mawifi wanaosema mzazi ana roho ngumu, hataki kumpa mtoto ziwa, wangejua hivyo wangenyamaza, na wangemwambia daktari, kwa sababu tezi hiyo ina kazi nyingine ambazo mwili hauwezi kukaa bila hizo.

Lawama ni sumu ya wodi za wazazi. Katika sehemu nyingi za nchi yetu uzazi mgumu hutafutiwa kosa, na kosa hutafutwa kwa mwanamke: alitoka nje ya ndoa, aungame; alimkosea mkwe, aombe radhi. Degedege husemwa ni pepo na baadhi ya ndugu hutaka mgonjwa aondolewe akatibiwe kwingine. Siwadharau wanaosali. Dua na sala zinaweza kusomwa kando ya kitanda huku dripu ikiendelea, na huwapa nguvu wagonjwa wengi. Lakini mwanamke aliyepoteza lita mbili za damu kisha akatakiwa kuungama ameongezewa mzigo pasipo na nguvu ya kuubeba. Mume ndiye mwenye uwezo mkubwa kuliko wote wa kuyakata maneno hayo, na akinyamaza yanahesabiwa kuwa yake.

Akili nayo huugua. Shirika la Afya Duniani linasema karibu mwanamke mmoja kati ya watano katika nchi zinazoendelea hupata matatizo ya afya ya akili, hasa sonona, baada ya kujifungua. Mwanamke mmoja au wawili kati ya elfu hupata hali kali zaidi, wakaona na kusikia yasiyokuwepo, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo. Hiyo ni dharura ya hospitali, na mtoto asiachwe naye peke yake. Aliyepitia chumba cha mahututi ana shida yake ya pekee: siku kadhaa za maisha yake hazimo kichwani, na pengo hilo hujazwa na ndoto za kutisha. Katika nchi za Skandinavia wauguzi na ndugu wamekuwa wakiandika shajara ya mgonjwa mahututi ili baadaye asome yaliyompata akiwa hana fahamu. Lile daftari la msemaji wa familia linaweza kufanya kazi hiyo bila gharama: leo amefungua macho, leo mtoto amefikisha kilo tatu, leo baba yake amekuja kutoka Singida. Na pale ambapo mtoto amefariki, familia nyingi humficha mama kwa siku nyingi, zikidhani zinamhurumia. Naona ni kosa. Maziwa yatakuja na matiti yatauma, atauliza, na atasoma jibu katika nyuso. Aambiwe na mtu anayempenda, daktari akiwa karibu, mara tu anapoweza kuelewa, na iombwe ahamishwe kitanda mbali na wenye watoto.

Sasa pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Mtu atasema: unawabebesha maskini kazi ya serikali, na katika maskini hao unawabebesha wanawake. Anayeacha biashara ya genge ili akalale sakafuni hospitali ni dada, si kaka. Ni kweli. Sera ya Afya ya 2007 iliahidi huduma za uzazi bila malipo katika vituo vya umma, lakini nauli, chakula na dawa iliyokosekana hulipwa na familia, na mama akilazwa wiki tatu mtaji huisha. Lakini kazi hii haitokani na hoja yangu. Inafanyika kila usiku, bila jina na bila hesabu. Ikikubalika kuwa ni sehemu ya matibabu ndipo mambo yanaweza kudaiwa: mahali pa kulala na kuoga pa anayeuguza, mafunzo mafupi siku ya kwanza, afisa ustawi wa jamii anayefika kitandani kabla familia haijauza mbuzi wa mwisho. Ndipo pia baba anaweza kudaiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipotungwa ilimpa baba likizo ya uzazi ya siku tatu, zitumike ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Ilitoa pia siku nne kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa kifo cha mwenza. Ugonjwa wa mwenza haukutajwa. Mwajiriwa alipewa siku za kumzika mke wake, hakupewa za kumuuguza. Watunga sheria hawakuwa na ubaya. Waliandika kile ambacho jamii ilikuwa inakiona, na jamii haikumwona mwanamume kando ya kitanda cha mzazi. Wala utaratibu wa wodi haukumsaidia, kwa kuwa mara nyingi huzuiwa mlangoni kwa ajili ya sitara ya wanawake wengine. Sitara hiyo ni haki yao, lakini pazia huitunza vizuri kuliko kumfukuza mume.

Siku ya kuruhusiwa huleta hatari yake, kwa sababu wote huona vita vimekwisha. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua, kisha kati ya siku ya saba na ya 14, na tena wiki ya sita. Hizo ni za mzazi mzima, na aliyekuwa mahututi hupangiwa zaidi. Damu inaweza kuanza upya hata wiki kadhaa baadaye, ikiwa kipande cha kondo kimebaki au maambukizi yameingia. Arobaini ya mila zetu inakaribiana sana na siku 42 ambazo wataalamu huhesabu, na ni hazina: mzazi apumzike, apikiwe mtori au uji na mchuzi wa pilipili manga, asichote maji. Sina ugomvi nayo isipokuwa mahali pamoja. Kukandwa tumbo kwa maji ya moto si kwa aliyepasuliwa, wala kwa aliyekuwa akivuja damu. Maji hayo huunguza ngozi iliyokufa ganzi na kufumua mshono. Mkandaji aambiwe hivyo kabla hajabandika sufuria. Vidonge vya kuongeza damu viendelee hata rangi ikirudi. Anayejali usingizi wa mzazi amchukue mtoto baada ya kunyonya, amwache alale. Na namba 115, isiyotozwa, ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama ibandikwe ukutani, kwa kuwa inahudumia pia mama aliyekwisha kujifungua na mtoto mchanga.

Karatasi anayopewa siku hiyo isiishie kwenye mfuko wa dawa. Ilivyo kawaida, mwanamke hurudi kliniki na mimba nyingine baada ya miaka miwili au mitatu, kituo kingine, mkunga mwingine, na akiulizwa uzazi uliopita ulikuwaje anajibu kwamba aliumwa kidogo. Mkunga anahitaji kujua kama kilikuwa kifafa cha mimba, kwa sababu mwanamke huyo huweza kuanzishiwa aspirini ya kiwango kidogo kabla mimba haijafika wiki 20; kama alivuja damu, ili ajifungulie penye benki ya damu; kama alipasuliwa, na lini, kwa kuwa mimba nyingine inashauriwa isubiri miezi isiyopungua 24. Yote hayo yameandikwa kwenye karatasi ile. Aipige picha msemaji wa familia, mume abaki na nakala, na yenyewe iwekwe pamoja na kadi ya kliniki.